Bwana Shamba na Wewe: Mtoto Njiti Ana Umri Gani?

Ndugu msomaji, kama una mtoto mdogo nyumbani, lete kadi yake ya kliniki. Soma tarehe aliyozaliwa. Sasa muulize mama yake: mtoto huyu alitazamiwa kuzaliwa lini? Kwa watoto wengi tarehe hizi mbili zinakaribiana. Kwa watoto wengine zinaachana kwa mwezi mmoja, miwili, hata mitatu. Huyo ndiye mtoto tunayemwita njiti. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya tabia yake na moyo wake.

Utaniuliza, bwana shamba ana nini na watoto? Kazi yangu ni kahawa, migomba na ng'ombe wa maziwa. Ni kweli, mimi si daktari. Lakini kazi yangu inanipeleka majumbani. Ninapanda Akheri na Nkoaranga, ninashuka Kikatiti, ninazunguka mpaka Ngaramtoni. Ninakaa uani na baba na mama, na watoto wako pale pale. Ninasikia mmoja akiitwa mkaidi, mwingine mwoga, mwingine mzito wa akili. Mara nyingi nikiuliza habari zake naambiwa, "Huyu alizaliwa kabla ya siku zake." Wanasema hivyo, kisha wanaendelea na mazungumzo ya mbolea, kana kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Yanahusiana. Haya ninayoandika yametoka kwa madaktari na wauguzi. Mimi nimeyaweka tu katika maneno yetu ya kila siku.

NJITI NI NANI?

Mimba ya binadamu huchukua majuma 40 hivi. Mtoto akizaliwa kabla ya majuma 37 kutimia, amezaliwa kabla ya wakati. Neno lenyewe, njiti, ni kile kijiti cha kiberiti. Watu waliangalia wembamba wa mtoto wakampa jina hilo. Mimi silipendi sana. Labda linafaa wodini. Halifai kumwita kijana wa darasa la tano mbele ya wenzake.

Watoto hawa si wachache. Mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 kabla ya wakati duniani kote. Maana yake ni kwamba katika kila watoto 10, mmoja alizaliwa mapema. Basi usidhani kwamba jambo hili ni la nyumba yako peke yake.

Sababu ni nyingi. Malaria, presha ya mama mjamzito, maambukizi, mimba ya mapacha, na kuzaa kwa kufuatana bila kupumzika. Mara nyingine hata daktari haoni sababu. Lakini uchawi haumo, wala mama hakuadhibiwa kwa kosa lolote. Nasema hivi kwa sababu nimekaa kwenye nyumba ambamo mkwe alimnunia mke wa mwanawe miaka mitatu kwa ajili ya jambo hili.

UBONGO ULIKUWA BADO UNAKUA

Katika majuma ya mwisho tumboni mtoto haongezi unene tu. Ubongo wake unakua kwa kasi kubwa. Mtoto aliyefikisha majuma 34 ana ubongo wenye uzito wa kama theluthi mbili tu ya ule wa mtoto aliyetimiza siku zake. Theluthi iliyobaki lazima ikue nje.

Nje kukoje? Tumboni kulikuwa na giza, joto na sauti ya mama. Ghafla kuna taa. Kuna kelele za vyombo na milango. Kuna sindano, na mpira puani. Na mara nyingi mama analala chumba kingine. Ubongo ambao haujakomaa unajifunza mapema kwamba dunia ina mishtuko. Unakaa macho, ukingoja mshtuko mwingine.

Nyinyi wakulima wa kahawa jambo hili mnalijua. Mche hukaa kitaluni chini ya kivuli. Kivuli hupunguzwa kidogo kidogo mpaka mche uzoee jua. Ukiung'oa kabla ya wakati na kuupeleka juani siku hiyo hiyo, huenda usife, lakini utashtuka. Majani yatalegea na utachelewa. Utafanyaje? Utaukatia majani ya mgomba uufanyie kivuli, na maji utaupa asubuhi na jioni. Katika kazi yangu yote sijaona mkulima anayeuchapa kiboko mche uliochelewa.

TABIA UTAKAZOZIONA

Kwanza elewa kwamba watoto wengi wanaozaliwa mapema wanakua vizuri, wanasoma, wanafanya kazi na kuoa au kuolewa. Hasa wale waliowahi kwa majuma machache tu. Kadiri mtoto alivyozaliwa mapema zaidi, ndivyo inavyofaa kumwangalia zaidi.

Akiwa mchanga, huyu hushtuka upesi. Mlango ukigongwa, mikono inaruka. Analia na kubembelezeka ni kazi. Ukimwangalia usoni na kumsemesha, baada ya muda mfupi anageuza uso pembeni. Mama anadhani mtoto hamtaki. Sivyo. Mtoto amechoka. Kugeuza uso ndiko kusema kwake, "Basi, nipumzishe." Nyamaza kidogo, mshike kwa utulivu, atakurudia mwenyewe.

Akifika miaka mitatu, minne, mitano, huyu ndiye anayeng'ang'ania kanga ya mama wageni wakija. Siku ya gulio la Tengeru anajificha, wenzake wanakimbilia miwa. Mchezo mmoja haumalizi, ameshakwenda kwenye mwingine.

Shuleni ndiko mambo yanakoonekana zaidi. Shida zake kubwa ni tatu, nazo mara nyingi huenda pamoja. Hawezi kushika jambo moja kwa muda mrefu. Ana hofu na wasiwasi. Na si mwepesi wa kupata marafiki. Wenzake wanamwacha pembeni. Hesabu nazo humsumbua kuliko masomo mengine. Sasa angalia vizuri, ndugu msomaji: katika shida hizo tatu hakuna wizi, hakuna ugomvi, hakuna utoro wa makusudi. Kwa kawaida mtoto huyu hapigani. Anakaa kimya nyuma ya darasa, anatazama dirishani. Kwa hiyo mwalimu mwenye watoto 80 hamwoni, na akimwona anamwita mvivu.

Baba mmoja wa upande wa Nkoaranga alinieleza habari za mwanawe wa miaka tisa. Alisema, "Namwambia, chukua ndoo nenda mferejini, ukirudi mpe ndama majani, halafu niletee jembe kule chini. Anakwenda mferejini, basi. Namfuata, namkuta amechuchumaa anaangalia siafu." Kwa kosa hilo kijana alikuwa akichapwa karibu kila juma. Nilipouliza, mama yake alisema alizaliwa na miezi saba, akakaa wodini zaidi ya mwezi mzima.

Hesabu mwenyewe maagizo ya baba yule. Ni matatu kwa pumzi moja. Mtoto wa namna hii anashika la kwanza, mengine yanamwagika njiani. Na akijua kwamba kiboko kinamngoja, hofu inajaa kichwani na hata lile la kwanza linaponyoka. Baba anaongeza kiboko, mtoto anaongeza kusahau. Hapo hakuna ukaidi hata chembe.

Tulikubaliana na baba yule ajaribu jambo jingine. Amwite mtoto kwa jina, amwangalie usoni, ampe agizo moja. Mtoto alirudie kwa mdomo wake. Akirudi, apewe la pili. Nilipopita tena baada ya mavuno ya kahawa, kijana bado alikuwa anasahau mara kwa mara, na siafu bado anawapenda. Lakini alikuja mwenyewe kunisalimia, akanionyesha ndama wake. Mwaka uliotangulia alikuwa akiniona tu anakimbilia nyuma ya banda.

JINSI YA KUHESABU UMRI

Sasa turudi kwenye zile tarehe mbili za mwanzo. Chukua mfano huu. Mama alitazamiwa kujifungua tarehe 30 Agosti. Akajifungua tarehe 30 Juni. Mtoto amewahi kwa miezi miwili. Ikifika tarehe 30 Aprili mwaka unaofuata, mtoto ana miezi 10 kwa kadi. Lakini katika kukaa, kutambaa, kusimama na kucheka, mpime kama mtoto wa miezi 8. Toa ile miezi miwili aliyowahi. Endelea kuitoa mpaka atimize miaka miwili.

Hesabu hii ni ndogo, lakini inaokoa nyumba na maneno mengi. Mtoto wa jirani aliyezaliwa juma lile lile anasimama akishika kigoda. Wako bado anatambaa. Watu wanaanza kunong'ona. Ukishajua kuhesabu, unajua kwamba mtoto wako hajachelewa. Yuko pale anapostahili.

Na kucheka je? Mtoto aliyetimiza siku zake huanza kumchekea mama akiwa na majuma 6 hadi 8. Aliyewahi kwa miezi miwili huenda akacheka akiwa na miezi mitatu na nusu, hata minne. Mama anangoja, hachekewi. Anaona kama anamlea mtoto asiyempenda. Mama, endelea kumsemesha. Kicheko chako kiko njiani.

Angalizo moja: chanjo hazihesabiwi hivyo. Chanjo zinafuata tarehe halisi ya kuzaliwa. Usimcheleweshe chanjo kwa kusema bado mdogo.

Na kama hata baada ya kutoa miezi hiyo mtoto bado haketi, au miguu yake ni mikakamavu, au hageuki akisikia sauti, au macho yake hayafuati kitu kinachopita, mpeleke kituo cha afya mapema. Watoto waliozaliwa mapema sana wanaweza kupata matatizo ya macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi kijiji kizima, kumbe jina lake halijamfikia.

DAWA YA KIFUANI

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, hospitali moja ilikuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwapa joto. Watoto walikuwa wanalazwa wawili wawili na kuambukizana. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwapa mama watoto wao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Daktari mwenzake, Héctor Martínez, akaiendeleza kazi hiyo. Njia hii ikaitwa kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia ambaye mtoto wake huzaliwa mdogo sana na kukulia ndani ya mfuko wa tumboni mwa mama.

Watu walidhani ni njia ya maskini wasio na mashine. Kwa hiyo kati ya mwaka 1993 na 1996 waganga wa Bogotá waliwagawa njiti katika makundi mawili. Kundi moja lililelewa kwa kangaruu, jingine kwa njia ya zamani. Wakawatafuta tena walipokuwa vijana wa miaka 20. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Vijana waliobebwa kifuani walikuwa watulivu zaidi na wenye hasira kidogo. Walipokuwa wanafunzi hawakukosa shule sana kama wenzao. Nyumba zao zilikuwa na malezi ya karibu zaidi. Fikiri, ndugu msomaji: majuma machache kifuani, na alama yake inaonekana baada ya miaka 20!

Na si huko mbali tu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilishiriki katika uchunguzi wa nchi tano: Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India. Watoto wadogo sana waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja wapate nguvu kwanza. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Vifo katika siku 28 za kwanza vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hii itumike kwa njiti wote tangu kuzaliwa, hospitalini na nyumbani.

Muuguzi atakufundisha. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu. Anawekwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, pua iko wazi. Kisha anafungwa kwa kanga au kitenge, na mama anajifunika juu. Ukirudi nyumbani endelea mpaka mtoto mwenyewe aanze kujinyonganyonga akitaka kutoka. Sisi tunaokaa mlimani mwezi wa Juni na Julai tunalijua baridi la Meru. Kifua cha mama hakizimiki kama moto wa mkaa, wala hakina moshi.

Baba naye ana kifua. Najua baadhi yenu mtacheka hapa. Lakini mama aliyejifungua kwa shida anahitaji kuoga, kula na kulala. Saa mbili za baba jioni, shati limefunguliwa, mtoto kifuani, hazimpunguzii mtu heshima yake. Mtoto anajifunza harufu yako na sauti yako. Baadaye, akiwa na hofu, atajua pa kukimbilia.

MAMA NAYE ANAUMIA

Mama wa njiti amepita katika woga mkubwa. Siku nyingi alikuwa akimwangalia mtoto kama anapumua. Wengi hubaki na huzuni: hawalali hata mtoto akilala, wanalia ovyo, hawana hamu ya kumshika mtoto. Mtoto anayeshtuka upesi akiwa na mama mwenye huzuni, wote wawili wanaumizana bila kutaka. Huzuni ya namna hii inatibika. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, au mhudumu wa afya wa kitongoji chako. Na wewe shangazi, wewe nyanya, ukija kumwona usianze na swali la kilo. Chota maji, pika uji, mpokee mtoto alale.

Kwa kina mama walioajiriwa, kwa mfano kwenye mashamba ya maua ya Usa River, sheria ya kazi ilibadilishwa mwaka 2025. Mama aliyejifungua mtoto kabla ya wakati anaongezewa muda wa likizo. Taasisi ya Doris Mollel, inayoongozwa na dada ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ni miongoni mwa waliolipigania jambo hilo. Uliza kwa mwajiri wako au kwa chama cha wafanyakazi.

UKIMPELEKA SHULE

Mwambie mwalimu tangu siku ya kwanza. Sema, "Mwanangu alizaliwa mapema kwa majuma kadhaa. Anasahau maagizo marefu na anaogopa kelele." Mwombe akae mbele, mbali na dirisha. Huna haja ya kuona aibu, wala kusema mbele ya wazazi wengine. Sisi wa Meru tuna bahati: Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, kiko hapa hapa Tengeru. Muulize mwalimu mkuu kama shuleni kwako au shule ya jirani yuko mwalimu aliyepita huko.

Nyumbani mpe kazi ndogo anayoweza kuimaliza, kama kuokota mayai au kumpa sungura majani. Iwe kila siku saa ile ile. Mtoto mwenye wasiwasi anapenda kujua kinachofuata. Kama kesho kuna safari, arusi au mgeni, mwambie leo.

Wapo wazazi wanaofanya kinyume. Mtoto hatoki uani, hachotewi hata maji ya kunawa na mwingine ila mama, hachezi na wenzake asije akaumia. Naona wanapenda sana, lakini kivuli cha kitalu nacho hupunguzwa. Anza na rafiki mmoja, mtoto mpole wa jirani. Waite wacheze uani kwako ukiwa karibu. Wakizoeana, aje wa pili. Gulio la Tengeru lenye watu mamia litangoja.

Msomaji mmoja aliniuliza kwa mdomo kama kijana wake mwenye miaka 17, aliyezaliwa na miezi saba, amechelewa kusaidiwa. Anasema kijana hapendi makundi, hathubutu mambo mapya, lakini ng'ombe wanne wa maziwa anawatunza yeye, na daftari la maziwa haliruki hata siku moja. Nilimjibu kwamba waliozaliwa mapema mara nyingi huwa watu wazima waangalifu, wasiopenda hatari. Asimsukume kwenye kazi ya bodaboda kwa sababu wenzake wamekwenda huko. Amuulize anataka nini. Nasikia kijana amesema anataka ng'ombe wa tano.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukata machipukizi ya kahawa kabla ya mvua za masika. Noeni mikasi.